Tuisheni: mzazi ananunua nini?

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa mjini wanalijua kwa mifuko yao, nalo ni tuisheni. Ikifika jioni pale Maili Moja, Kibaha, na vivyo hivyo Kisarawe mjini, watoto waliotoka shule muda mfupi tu uliopita huonekana wamekumbatia madaftari wakielekea kwa mwalimu mwingine. Mzazi amekwisha kulipa. Je, amenunua nini? Swali hili halijibiki vizuri bila kutazama tulikotoka, na bahati nzuri historia ya elimu ya sehemu hizi mbili za Mkoa wa Pwani ina jibu.

Tuanze Kisarawe. Mwaka 1925 wamisionari wa Kianglikana walikihamishia Minaki chuo chao cha Mtakatifu Andrea, ambacho kabla ya hapo kilikuwa Kiungani, Unguja. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Kiungani walikuwamo wavulana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Si mbali na Minaki, kule Pugu, Wakatoliki nao walikuwa na chuo cha Mtakatifu Fransisko. Hapo ndipo alipofundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, mpaka alipojiuzulu Machi 1955 ili aishughulikie TANU.

Kibaha ilikuja baadaye, nayo ikaja na Uhuru. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilikubaliana na Denmark, Finland, Norway na Sweden kujenga hapo kituo kimoja chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mahali pa kuwafundishia wakulima. Nchi hizo zilikikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Katika kipindi hicho hicho Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni, Minaki na Pugu zikiwamo, mikononi mwa Serikali.

Shule hizo tatu zilifanana kwa jambo moja. Zilikuwa za bweni. Mwanafunzi alisoma asubuhi, na usiku akarudi darasani kwa ajili ya prepu. Aliyekwama kwenye hesabu hakuwa na safari ndefu ya kumtafuta mwalimu, na daftari lake lilirudi likiwa limesahihishwa. Kwa maneno mengine, alipata tuisheni bila kuiita tuisheni wala kuilipia peke yake. Hata hivyo tusizisifu kupita kiasi. Zilikuwa shule za wavulana, tena wachache mno. Watoto wengi wa vijiji vilivyozizunguka waliziona kwa nje tu.

Sasa tuisheni tunayoijua leo ilitoka wapi? Mwezi Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Lilikuwa azimio la haki, na lilifungua milango iliyokuwa imefungwa tangu enzi za ukoloni. Lakini walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku tayari wakifundisha. Nafasi za sekondari nazo hazikuongezeka kwa kasi ile ile. Ndipo tulipojifunza tofauti ya maneno mawili ambayo zamani tuliyaona ni mamoja: kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliweza kufaulu mtihani wa darasa la saba, na bado asichaguliwe.

Wakati huo huo mambo ya uchumi yaliharibika. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu sana, na mshahara wa mwalimu ukawa haufiki katikati ya mwezi. Ilipoingia enzi ya ruksa baada ya mwaka 1985, kila mfanyakazi alitafuta mradi. Mwenye nafasi alifuga kuku, mwingine akakaanga maandazi. Mwalimu alikuwa na chaki na alichokijua kichwani, akaviuza hivyo. Mzazi mwenye hofu na mwalimu mwenye njaa wakakutana, tuisheni ikazaliwa.

Hatuna sababu ya kumlaumu mtu kwa kutafuta riziki halali. Ubaya ulianza pale baadhi ya walimu walipofundisha nusu ya somo asubuhi bure, na nusu iliyobaki wakaiuza jioni kwa watoto wale wale. Hapo mzazi hanunui elimu ya ziada. Anakomboa ile iliyokuwa haki ya mtoto wake, na mtoto wa jirani asiye na fedha anabaki na nusu somo.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu kutumia sheria. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo. Lakini katazo peke yake halizibi pengo. Hapa kwetu, tangu mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimeenea na nafasi zimeongezeka sana. Hata hivyo, mtoto aliyesoma masomo yake kwa Kiswahili mpaka darasa la saba bado anaingia kidato cha kwanza na kuyakuta kwa Kiingereza, na shule nyingi bado zina uhaba wa walimu wa hisabati na sayansi. Mapengo hayo ni ya kweli, na tuisheni nzuri inaweza kuyaziba.

Basi mzazi achague vipi? Kwanza, kabla ya kutafuta mwalimu wa jioni, aende kwa mwalimu wa darasani amwulize mtoto amekwama wapi hasa. Asiyejua ugonjwa hanunui dawa. Pili, atazame idadi. Watoto 50 wakibanana katika banda moja mbele ya ubao mmoja, hilo ni darasa lingine tu, tena lisilo na madawati. Tatu, baada ya majuma mawili afungue daftari. Kama kuna kurasa zilizonakiliwa ubaoni lakini hakuna kalamu ya kusahihisha, fedha inapotea. Nne, akubaliane na mwalimu juu ya lengo na muda: kwa mfano, miezi mitatu ya sehemu na desimali, kisha mtoto apimwe. Tuisheni isiyo na mwisho inamfundisha mtoto kungoja kutafuniwa. Tano, masomo yafanyike mahali pa wazi, panapoonekana na watu wa nyumbani, na mtoto abakiwe na muda wa kucheza na kulala. Mtoto anayesinzia asubuhi darasani ameuza shule yake akanunua tuisheni.

Naye mtoto ana wajibu wake. Aende na maswali. Wanafunzi wa bweni walionufaika na prepu ni wale waliofika wakijua wamekwama wapi.

Anabaki yule ambaye mzazi wake hana kitu. Kwake yeye tuna mfano wa Nyerere. Alipokuwa mwalimu wa St. Mary's, Tabora, kabla hajaenda Edinburgh, aliwafundisha watu wazima wa mji ule Kiingereza bila malipo baada ya kazi. Hatuwezi kumtaka kila mwalimu mwenye watoto wa kulisha afanye hivyo. Lakini kamati ya shule inaweza kufungua darasa moja jioni, wazazi wenye uwezo wakachangia posho ya mwalimu, na wasio na uwezo watoto wao wakakaa benchi lile lile. Wazee wa Minaki, Pugu na Kibaha wangelitambua darasa hilo mara moja: mwalimu jirani, daftari limesahihishwa, na hakuna anayeulizwa mlangoni ameleta shilingi ngapi.