Tufe, Mstari na Mtaa: Nafasi ya Programu za Hisabati katika Kufumbua Milinganyo ya Makutano

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya anapokokotoa umbali kwa longitudo na latitudo, kwa kawaida huelekezwa achukue dunia kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,370. Katika kidato cha tatu amekwisha kukutana na mlinganyo wa duara. Asichofundishwa ni hatua inayoziunganisha mada hizo mbili: mlinganyo wa tufe lenyewe, na namna mstari, uwe umenyooka au umepinda, unavyokutana nalo. Hatua hiyo ni msingi wa picha za setilaiti na wa vifaa vya GPS, na programu za hisabati huimaliza kwa sekunde chache. Makala hii inadai kwamba programu hizo ziingie darasani, hasa katika shule zinazohudumia mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, ila kwa sharti moja: uzito wa kazi ya mwanafunzi utoke kwenye ukokotoaji, uende kwenye kuunda mlinganyo na kuhukumu majibu. Programu hujibu mlinganyo iliopewa; swali lililouzaa mlinganyo huo hailijui.

Tuanze na mfano mwepesi. Setilaiti iko kilomita 600 juu ya Kibera, na kamera yake inaelekezwa wima chini. Tukiweka kitovu cha dunia kuwa asili ya majira, uso wa dunia ni x² + y² + z² = 6370², na mstari wa kamera huandikwa kwa herufi moja, t, inayopima umbali kutoka kwenye setilaiti. Tukiingiza mstari ndani ya tufe tunapata mlinganyo wa kipeo cha pili wenye majibu mawili: t = 600 na t = 13,340. Programu kama Maxima au GeoGebra itayatoa yote mawili bila kupendelea lolote. La kwanza ni paa za mabati za Kibera. La pili ni mahali ambapo mstari uleule, baada ya kuipenya dunia nzima, ungetokea upande wa pili, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kialjebra majibu haya yana hadhi sawa. Anayejua kwamba kamera haioni kupitia mwamba ndiye anayeweza kulitupa la pili. Kamera ikiinamishwa zaidi ya digrii 66 hivi kutoka wima, programu italeta namba changamano. Mwanafunzi asiyefundishwa kusoma maana ya jibu hilo atadhani kompyuta imeharibika, kumbe imemweleza jambo la kweli: mstari huo haugusi dunia hata kidogo.

Ugumu huzidi mstari unapopinda. Mstari ambao majira yake yameandikwa kwa t ya kipeo cha pili unaweza kukutana na tufe mara nne, na ule wa kipeo cha tatu mara sita. Milinganyo ya kipeo cha tano na kuendelea haina kanuni ya jumla ya kuifumbua kwa mizizi, jambo lililothibitishwa na mwanahisabati Abel mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo programu huacha aljebra na kutumia makadirio, kwa mfano kwa mbinu ya Newton, ambayo humtaka mtumiaji ataje namba ya kuanzia. Hata mfano wetu mwepesi unaonyesha uzito wa uchaguzi huo. Ukianzia t = 6,900, mbinu hiyo itakufikisha kwenye 600, yaani Kibera; ukianzia 7,000 itakupeleka Pasifiki; na ukianzia 6,970, ambacho ni kitovu cha dunia, itakwama kwa sababu italazimika kugawanya kwa sifuri. Chaguo dogo la binadamu, ambalo halionekani kwenye jibu la mwisho, ndilo limeamua bara au bahari.

Hatari kubwa zaidi imo katika mlinganyo wenyewe. Dunia si tufe kamili: nusukipenyo chake kwenye ikweta ni takriban kilomita 6,378, na kwenye ncha takriban 6,357. Nairobi iko karibu na ikweta, tena juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, hivyo ardhi yake iko karibu kilomita 6,380 kutoka kitovuni, kilomita 10 zaidi ya namba ya mtihani, 6,370. Kamera ikitazama wima, tofauti hiyo haihamishi mahali. Lakini ikiinama digrii 30 kutoka kimo kilekile cha setilaiti, yaani kilomita 6,970 kutoka kitovuni, hesabu ya namba ya mtihani itakosea mahali kwa zaidi kidogo ya kilomita 6. Huo ni umbali unaotosha kuitoa nyumba Kibera na kuivusha Barabara ya Ngong hadi Kawangware. Programu haitakuwa imekosea hata tarakimu moja. Kosa litakuwa la aliyeandika 6,370 bila kujiuliza namba hiyo inafaa wapi.

Haya si mambo ya kinadharia tu mitaani humo. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, waliuanzisha mradi wa Map Kibera. Walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, katika eneo ambalo ramani za umma zilikuwa zimeliacha karibu tupu. Kila kifaa walichoshika kilikuwa kikifumbua makutano ya matufe: umbali hadi setilaiti moja ni tufe, na matufe matatu, milinganyo yake ikitolewa mmoja kwa mwingine, huacha mstari mmoja unaolitoboa tufe mara mbili. Jibu moja huangukia duniani na la pili mbali angani. Setilaiti ya nne huhitajika kusahihisha saa ya kifaa, kwa kuwa kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300 hivi, na mita 300 Kibera zinaweza kumtoa mtu kijiji cha Lindi zikamwingiza kijiji cha Silanga, vyote vya humo humo Kibera.

Pingamizi la kwanza ni kwamba programu humfanya mwanafunzi mvivu. Lina ukweli pale mtihani unapopima ukokotoaji peke yake, kwa sababu hapo mashine humwondolea mwanafunzi kazi yote. Lakini tukimuuliza ni jibu lipi litupwe na kwa nini, au nusukipenyo kipi kinafaa Nairobi, programu haimfanyii lolote. Isitoshe, mlinganyo wa mstari ulionyooka na tufe hufumbulika kwa kalamu, na ni sawa kila mwanafunzi auanze hivyo kabla ya kugusa kompyuta. Mashine ije pale kalamu inapochoka, kwenye kipeo cha sita, si kabla.

Pingamizi la pili ni la gharama, na halipaswi kupuuzwa: shule nyingi za mitaa hii hazina kompyuta za kutosha wala umeme wa kutegemewa. Hata hivyo Maxima, GNU Octave na GeoGebra hupatikana bila malipo. Maxima hufanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta kuukuu, na GeoGebra kwenye simu. Kompyuta moja mbele ya darasa inatosha kwa mjadala wa kuhukumu majibu, kwa kuwa mjadala huo hufanywa kwa midomo na ubao. Pingamizi la tatu, kwamba kifaa cha GPS hufumbua haya chenyewe, linaimarisha hoja yetu. Kifaa huficha dhana zake, na ramani itokanayo nacho huamua mambo mazito. Mnamo Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Mkazi asiyejua mstari kwenye ramani unatokana na nini hana njia ya kuhoji kama umepita mahali pake.

Kwa hiyo wanaotunga mtaala na mitihani ya shule za upili waongeze mlinganyo wa tufe baada ya ule wa duara, waruhusu programu huria katika kuufumbua, na watoe alama nyingi zaidi kwa sababu za kukubali au kukataa jibu kuliko kwa jibu lenyewe.