Robo Saa ya Nairobi

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zimeitangulia saa ya dunia, UTC, kwa saa tatu, na hakuna anayesogeza mshale majira yakibadilika. Kwa nini basi mwandishi wa programu za tovuti asiandike +3 akamaliza kazi? Kwa sababu namba hiyo ni amri ya serikali, na amri hubadilika. Chini ya ukoloni Kenya iliwahi kutangulia kwa saa mbili na nusu, kisha kwa saa mbili na dakika 45. Historia hiyo imo katika hifadhidata ya kanda za saa aliyoianzisha Arthur David Olson miaka ya 1980, ambayo seva na simu nyingi huitegemea hadi leo. Humo ukanda hutajwa kwa mji, Africa/Nairobi, na naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa humo. Chukua mzee aliyezaliwa 1 Januari 1941. Programu moja ikiihifadhi siku hiyo kama usiku wa manane wa +3, nyingine ikaisoma kwa kanuni za Africa/Nairobi, itaona saa 5:45 usiku wa 31 Desemba 1940. Robo saa tu, na mzee ameongezewa mwaka.

Atakayesema hayo ni ya kale aitazame Juba. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma, kutoka +3 hadi +2. Wengine hushauri kila kitu kihifadhiwe kwa UTC, na kwa jambo lililokwisha kutokea wana haki. Miadi ni jambo jingine. Mkutano wa Machi 2021 uliopangwa mwaka mmoja kabla, saa tatu asubuhi ya Juba, ukihifadhiwa kwa UTC pekee ungeonekana saa mbili asubuhi, ilhali waliokubaliana walikusudia saa tatu ya ukutani. Miadi ihifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la mahali. Na jina liwe la mji wenyewe, hata pale hifadhidata inapoiunganisha miji miwili. Juba ilikuwa imeunganishwa na Khartoum hadi Sudan iliporudi +2 mwezi Novemba 2017. Walioandika Africa/Juba walibaki sahihi baada ya kusasisha hifadhidata, na walioandika Africa/Khartoum kwa watu wa Juba wakakosea kwa saa nzima.