Maneno ya Mgonjwa Nayo Yana Gharama

Msikilizaji, mtu aendaye sokoni Mbarara kununua mkungu wa ndizi huuzungusha, huutazama, hushindana na muuzaji juu ya bei, na usipompendeza huenda zake. Kwa daktari sivyo. Mgonjwa hununua kitu asichokijua, kutoka kwa mtu anayekijua, tena katika saa ambayo hana nafasi ya kungoja. Mwaka 1963 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alilieleza jambo hili kwa kirefu. Kwa kuwa mgonjwa hana njia ya kuupima ubora wa tiba kabla ya kuinunua, hana budi kumwamini daktari, na daktari naye hutazamiwa asitende kama mfanyabiashara wa kawaida.

Imani hiyo hujengwa kwa maneno. Daktari Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Mengo mwaka 1897, aliling'amua hilo mapema, akatunga kitabu cha msamiati na sentensi za udaktari kwa Kiluganda. Alijua kwamba dawa iliyosafirishwa kutoka Ulaya kwa gharama kubwa yaweza kupotea bure kwa sababu ya swali moja lisiloeleweka.

Lakini lugha nayo ina historia yake. Nje kidogo ya mji wa Mbarara, upande wa njia iendayo Masaka, ipo kambi ya jeshi ya Makenke. Wakati wa Idi Amin kambi hiyo ilikuwa makao ya kikosi cha Simba. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za Waingereza, na kwa wananchi wengi wa Ankole hiyo ndiyo lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mwalimu wa Makerere Robert Siedle, walikwenda Mbarara kuuliza habari za askari waliouawa kambini. Hawakurudi. Sisi tunaofanya kazi ya habari tuna sababu ya kuyakumbuka majina hayo. Septemba 1972, baada ya wapiganaji waliotoka Tanzania kuishambulia kambi hiyo na kushindwa, watu wengi wa Mbarara walikamatwa, na wengi waliuawa. Mwaka uliofuata Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikuweza kuifuta hofu. Mtu aliyepitia miaka hiyo alijifunza kwamba anayeuliza kwa Kiswahili hujibiwa kwa maneno machache iwezekanavyo. Na mgonjwa anayejibu kwa maneno machache humwachia daktari kazi ya kubahatisha.

Sasa tuangalie kusini ya Mbarara, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Mwaka 1982, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa katika mashamba yao huko Ankole, wengi walisukumwa kurudi katika makazi ya wakimbizi. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, hata idadi yao ikapita 100,000. Kwa watu kama hao, swali la "Ulizaliwa wapi?" si swali dogo, hata likiulizwa na mganga mwenye kadi ya matibabu mkononi. Ajabu ni kwamba mkimbizi aliyetoka Kivu mara nyingi hana lugha nyingine ya kuzungumza na wageni isipokuwa Kiswahili. Lugha iliyowafunga watu midomo kule Makenke ndiyo inayomfungua huyu.

Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma mwezi Machi 2001. Watu walimiminika, hasa maskini. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mzigo wa gharama kubwa haukuwapungukia maskini hao. Dawa zilipokosekana vituoni, waliandikiwa karatasi wakanunue madukani. Bei ya mlangoni ilifutwa, lakini zipo gharama nyingine ambazo haziandikwi katika daftari lolote.

Mojawapo ni gharama ya kutoelewana. Daktari anayezungumza kupitia mkalimani husikia kila sentensi mara mbili, hivyo dakika 10 alizonazo zinakuwa 5. Pasipo mkalimani wa kazi hiyo, huitwa jirani au mtoto wa mgonjwa. Nani atamweleza daktari ugonjwa wa siri kwa kinywa cha mwanawe? Atasema anaumwa kichwa, atapewa vidonge vya kichwa, na baada ya wiki mbili atarudi akiwa na hali mbaya zaidi. Nauli imelipwa mara mbili, vidonge vimeliwa bure, na siku mbili za shamba zimepotea. Hata wale wenye Kiswahili wote wawili hawajasalimika. Neno "homa" kwa Mtanzania ni joto la mwili. Kwa watu wengi wa Kenya ni mafua. Daktari asiyeuliza swali la pili atatibu mafua mahali penye malaria.

Wagonjwa walio mahututi hupelekwa hospitali kuu ya Mbarara, ambako wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu kilichofunguliwa mjini humo mwaka 1989 hujifunza kazi yao. Masomo yao ni kwa Kiingereza. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Maagizo hayo ni mema, lakini mtoto atakayeanza kufundishwa leo atakuwa daktari baada ya miaka mingi, na mgonjwa wa Nakivale yuko kwenye benchi sasa. Mkalimani anayelipwa mshahara, na aliyefundishwa kutunza siri, ni gharama ndogo ikilinganishwa na dawa zinazotolewa kwa ugonjwa usiokuwapo. Naye pia atahitajika kwa wazee wa Mbarara wenyewe, ambao wapo hata leo wanaoulizwa kwa Kiswahili wanaumwa wapi, wakamtazama muulizaji kwanza, kisha wakajibu kwa Kinyankole.