Jinsi sayari ya mbali inavyothibitishwa

MWANGA wa nyota ukififia kwa saa chache kisha urejee ulivyokuwa, huenda ni sayari iliyopita mbele yake. Hata hivyo, hiyo ni dalili tu. Ili wawe na hakika zaidi kwamba wamepata sayari, wataalamu hujaribu kuipima mara mbili: upana wake na uzito wake.

Sababu ni kwamba angani kuna mengi ya kuhadaa. Nyota mbili zinazozungukana, zikiwa mbali nyuma ya nyota nyingine, huweza kuleta ufifiaji uo huo. Isitoshe, zipo nyota ndogo ambazo kipenyo chake hakipishani sana na cha Mshtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote zinazozunguka Jua letu. Kinachotenganisha nyota ya aina hiyo na sayari ni uzito.

Mfano ulio wazi ni wa nyota HD 209458, iliyo katika kundi la Pegasus, umbali wa miaka-nuru ipatayo 160. Mnamo 1999, watafiti waligundua kuwa nyota hiyo huyumba kidogo kila baada ya siku tatu na nusu. Ikisogea upande wetu, mwanga wake huelekea rangi ya samawati. Ikirudi nyuma, huelekea wekundu. Ilikuwa ishara kwamba kuna kitu kinachoivuta.

Lakini mayumbo peke yake hutoa kiwango cha chini tu cha uzito, kwa kuwa hayaonyeshi jinsi njia ya sayari ilivyoinama machoni petu. Tena, wakati huo walikuwapo wataalamu walioshuku kwamba mayumbo ya baadhi ya nyota yalitokana na kutanuka na kunywea kwa nyota zenyewe, wala si sayari.

Shaka hiyo iliondolewa na chombo kidogo. Usiku wa Septemba 9 na 16, 1999, David Charbonneau na Timothy Brown, wakitumia darubini yenye upana wa sentimita 10 huko Colorado, Marekani, waliona mwanga wa nyota hiyo ukipungua kwa takriban asilimia 1.5 kwa muda wa saa tatu hivi. Kati ya siku hizo mbili sayari ilikuwa imekamilisha mizunguko miwili, nao wakati wa kufifia uliafikiana na ule uliotabiriwa kutokana na mayumbo. Novemba mwaka huo, Greg Henry naye aliona ufifiaji huo kwa darubini ya kujiendesha iliyoko Arizona.

Hapo hesabu zilikamilika. Kiasi cha mwanga uliozibwa kilionyesha kuwa kipenyo cha sayari ni karibu thumuni ya kile cha nyota, yaani mara 1.4 hivi ya Mshtarii. Na kwa kuwa sasa ilijulikana kwamba njia yake inapita mbele ya uso wa nyota, uzito wake halisi ulipatikana: takriban asilimia 70 ya Mshtarii. Ukigawanya uzito huo kwa ujazo, unapata thuluthi moja hivi ya uzito wa maji. Kwa hivyo si mwamba, bali ni tufe la gesi lililotanuka, likizunguka kilomita milioni saba tu kutoka kwa nyota yake.

Sayari inapopita, sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hupenya katika angahewa yake na kubeba alama za gesi zilizomo. Kwa njia hiyo, mnamo 2001 darubini ya Hubble ilitambua sodiamu katika angahewa ya sayari hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa angahewa ya sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua kutambuliwa.

Afrika Mashariki nayo ina majina yake katika orodha hii. Mnamo 2019, Muungano wa Kimataifa wa Astronomia (IAU) uliidhinisha jina Buru, yaani vumbi kwa Kiluo, kwa sayari ya nyota HD 83443, lililopendekezwa na Kenya. Tanzania iliipa sayari ya nyota WASP-71 jina Tanzanite, na nyota yenyewe ikaitwa Mpingo.

Tanzanite hupita mbele ya Mpingo, hivyo upana na uzito wake vinajulikana. Buru iligunduliwa kwa mayumbo. Uzito wake unajulikana kwa kiwango cha chini tu, na upana wake haujapimwa. Sayari zote mbili zimekubaliwa, ila ni Tanzanite pekee ambayo tunaweza kusema imeumbwa kwa nini.