Ukungu Ulioshtakiwa Uchafu

Katika mwaka wa 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer aliyeyusha unga mweupe alioutengeneza kwa kolesteroli. Desturi ya kitu safi ni kuyeyuka mara moja. Unga huu ulikuwa kama ulioyeyuka mara mbili: kwa joto la digrii 145.5 za sentigredi uligeuka kioevu chenye ukungu. Kwa digrii 178.5 ukungu ulitoweka, kikabaki kioevu kiangavu.

Reinitzer alimwandikia Otto Lehmann, Mjerumani aliyekuwa na hadubini iliyoweza kupasha joto kitu kinachotazamwa. Lehmann aliona ajabu: kitu kilitiririka kama maji, lakini kiliutenda mwanga kama fuwele. Mwaka 1889 alikitangaza kuwa fuwele itiririkayo. Wengi walikataa. Gustav Tammann, mkemia mwenye sifa kubwa, alidai ya kuwa ukungu ule ulikuwa mchanganyiko tu, kama matone ya mafuta ndani ya maziwa. Kuambizana kulikuwapo, kusikilizana hakukuwapo. Lehmann alifariki mwaka 1922, na mwaka huo huo Georges Friedel wa Ufaransa alieleza kwa hoja thabiti kuwa hizi ni hali za pekee za maada.

Hata hivyo, ukungu wenyewe ulibaki fumbo. Baadhi ya wataalamu walidhani molekuli hukaa makundi makundi kama nyuki, na mwanga hupotoka mipakani mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Pierre-Gilles de Gennes na wenzake wa Orsay walionyesha vingine. Molekuli hizo ndefu hulala sambamba, lakini joto haliachi kuzitikisa. Mwelekeo wao huyumba kwa pamoja kama mpunga katika upepo, na kuyumba huko hutawanya mwanga kiasi cha mara milioni kuliko kioevu cha kawaida. Pasipo na mpango, hapana cha kuyumba pamoja. Basi ukungu haukuwa uchafu; ulikuwa shahidi wa utaratibu.

Mwaka 1968, George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA, Marekani, walionyesha utando wa kioevu kama hicho, mwembamba kuliko unywele, kati ya vioo viwili. Umeme ulipopita, utando mwangavu ulivurugika ukawa mweupe, na tarakimu zikasomeka. De Gennes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Lehmann hakuipata kamwe. Kilichoshtakiwa kuwa uchafu kilikuwa kimekwisha kuwa wino.