Kutoka Son hadi Sikinde: Mitindo ya Muziki Ikiangaliwa kutoka Tunduma

Mara nyingi katika mijadala yetu ya utamaduni husemwa kwamba kinachopigwa kwa gitaa ni cha kigeni na kinachopigwa kwa ngoma ni chetu. Mgawanyo huo ni rahisi, na kwa urahisi wake unapotosha. Tunapenda kuupima kwa kufuata historia ya muziki ambao leo dunia inauita salsa. Tutaupima tukiwa tumesimama Tunduma, mahali ambapo mpaka wa mkoloni uliwagawa Wanyamwanga pande mbili lakini haukuweza kuzizuia nyimbo.

Tuanze na chimbuko. Biashara ya utumwa iliwapeleka Kuba watu wengi kutoka Kongo na Afrika Magharibi, na utumwa wenyewe haukukomeshwa huko mpaka 1886. Watu hao walinyang'anywa kila kitu isipokuwa mapigo yao. Mashariki ya kisiwa kile mapigo hayo yalikutana na gitaa la Kihispania, ikazaliwa son: vijiti viwili viitwavyo clave vinavyoshikilia mapigo matano, ngoma ndogo za bongo, gitaa la tres, na kiongozi anayeimba huku wenzake wakimwitikia. Hata besi ya siku hizo, marimbula, ilikuwa sanduku lenye vipande vya chuma vya kubonyezwa kwa vidole. Msomaji aliyewahi kuiona likembe hahitaji kuambiwa udugu wao.

Son ilitawala Havana katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1940 Arsenio Rodríguez, kipofu na mzao wa Wakongo waliouzwa utumwani, aliiongezea tumba, piano na tarumbeta kadhaa, akaikuza sehemu ya mwisho, montuno, ambapo kiitikio hurudiwa na wachezaji hupandwa na mori. Pérez Prado akaivumisha mambo kwa tarumbeta zake kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Enrique Jorrín akaleta chachacha, yenye mwendo ambao hata asiyejua kucheza angeufuata.

Jina la salsa lilikuja baadaye, na halikutoka Kuba. Maana yake ni mchuzi. Katika miaka ya 1960, baada ya Marekani kuiwekea Kuba vikwazo vya biashara, New York ilibaki na wahamiaji wa Puerto Rico na Kuba wenye kiu ya muziki huo. Kampuni ya Fania, iliyoanzishwa 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci, ilipata soko kubwa kwao, na jina la mchuzi likawa bendera ya kuuzia bidhaa ambayo msingi wake ulikuwa son. Lakini tusiwadharau wapigaji kwa sababu ya makosa ya wauzaji. Trombone nzito za Willie Colón na nyimbo za Rubén Blades zilisema kweli juu ya maisha ya mitaa ya wanyonge. Kuba nayo haikulala: Los Van Van, iliyoundwa 1969, ilikuja na songo, na miaka ya 1990 ikafuata timba.

Muziki huu ulikuwa umekwisha kurudi Afrika zamani. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza barani humu santuri za mfululizo wa GV, zilizojaa nyimbo za Kuba, na vijana wa Leopoldville waliosikiliza wakatambua sauti ya nyumbani. Kutoka Kongo rumba ikasambaa. Kwa watu wa Mbozi na Tunduma, ambao wengi wao walikwenda kuuza nguvu zao katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, haikuwa lazima ipitie Dar es Salaam. Mawimbi ya redio hayaonyeshi pasi mpakani.

Hapa lipo jambo ambalo makada vijana hawalijui vya kutosha. Mwaka 1961, ng'ambo ya Tunduma, chama cha UNIP kikiongozwa na Kenneth Kaunda kiliendesha kampeni ya kuukaidi utawala wa kikoloni. Katika majimbo ya Kaskazini na Luapula barabara zilizibwa, madaraja yakavunjwa, vitambulisho vikachomwa moto. Kampeni hiyo iliitwa Chachacha. Jina la dansi ya Havana lilikuwa limegeuzwa silaha: sasa mkoloni ndiye aliyechezeshwa.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1962, Mwalimu alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliuliza ni wangapi kati yetu waliojua gombe sugu au lele mama, ilhali wengi walijua rumba na chachacha. Wapo walioelewa kwamba rumba ipigwe marufuku. Bendi zetu zilielewa vingine, nasi tunaona zilielewa vizuri zaidi. Kila bendi ilijitafutia mtindo wake: Western Jazz wakawa na Saboso, Atomic Jazz ya Tanga Kiweka, Tabora Jazz Segere Matata. NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi iliyoanza 1964, ikachukua Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ikachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Nyimbo zilianza taratibu kwa masimulizi ya Kiswahili, kisha zikaingia chemko, na hapo magitaa yalifanya kazi ile ile ya montuno.

Hata hivyo Msondo na Sikinde ni majina ya Pwani. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016 kutoka Mbeya, una Wanyiha, Wandali, Wamalila na Wanyamwanga, na katika mitindo tuliyoitaja hakuna hata mmoja uliobeba jina la ngoma yao. Kabla kiongozi wa tawi hajamkemea kijana wa Tunduma kwa kucheza muziki wa Kongo au wa Zambia, ataje yeye mwenyewe ngoma moja ya Wanyiha, aeleze huchezwa lini na kwa nini, kisha ainuke aicheze.