Nani Anaula Mfupa?

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Wanawake 241 walikuwa na uvimbe kwenye ini pia. Kwenye wengu, ambao nao haupungukiwi damu, ni 17 tu. Ikiwa seli za saratani huchukuliwa na damu na kutua popote, mbona wengu uliponea? Paget alijibu kwa mfano wa mkulima: mbegu hutawanyika kila upande, ila huota penye udongo unaozifaa. Mifupa ilikuwa mmojawapo wa udongo huo.

Wazo hilo halikupokewa na wote. Mwaka 1928 Mmarekani James Ewing, bingwa wa uvimbe wa mifupa, alishikilia kwamba njia za damu zinatosha kueleza kila kitu.

Dalili ya kwanza ya kikemia ya jinsi saratani inavyouharibu mfupa ilitoka Boston. Mwaka 1941 daktari Fuller Albright alikuwa na mgonjwa wa saratani ya figo iliyofika mfupani, na damu yake ilijaa kalsiamu. Albright alishuku kwamba uvimbe wenyewe unatengeneza homoni inayofanana na ile ya tezi za paratiroidi, ambayo hupandisha kalsiamu kwenye damu. Alikaribia sana ukweli: mwaka 1987 watafiti wa Melbourne waliitenga protini hiyo, PTHrP, kutoka kwenye seli za saratani ya mapafu.

Hata hivyo PTHrP haigusi mfupa. Mlaji ni mwenyeji: osteoklasti, seli za kawaida zinazobomoa mfupa mkuukuu kwa asidi ili mpya ujengwe. Anayeziamuru alijulikana mwaka 1997 na 1998, katika mbio za makundi mawili yasiyofanana hata kidogo, kampuni ya dawa ya Amgen huko California na kampuni ya maziwa ya Snow Brand huko Japani. Yote mawili yalianza kwa kuipata osteoprotejerini, protini inayolinda mfupa, kisha yakamnasa hasimu wake, RANKL.

RANKL hutolewa na seli zinazojenga mfupa. Ikijishika kwenye kipokezi kiitwacho RANK, osteoklasti changa hukomaa na kuanza kazi. Saratani ya matiti ikiingia mfupani huchochea kwa PTHrP utoaji wa RANKL. Mfupa ukimomonyoka huachia TGF-beta, protini ya kuchochea seli iliyohifadhiwa ndani yake, nayo huusukuma uvimbe kutoa PTHrP zaidi. Mwaka 2006 majaribio ya panya yalionyesha jambo lingine: RANKL huvuta mfupani seli za saratani zenye RANK. Paget angefurahi.

Kingamwili ya kuizuia RANKL, denosumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa mifupani. Hupunguza mivunjiko, lakini katika majaribio makubwa haikuwarefushia maisha kwa ujumla kuliko asidi ya zoledroniki, dawa iliyotangulia. Mwaka 2013 iliruhusiwa pia kwa uvimbe wa seli kubwa wa mfupa, ambamo seli za uvimbe hutoa RANKL na kuzikusanya seli nyingine zibomoe. Dawa huwaondoa wabomoaji; wachochezi hubaki, na ikisitishwa uvimbe huweza kurudi. Kwa osteosarkoma, saratani inayoanzia mfupani na kuwapata zaidi vijana, tegemeo limebaki upasuaji pamoja na kemotherapi iliyoanza kutumika miaka ya 1970.